Pedi za nyuzi za mgomba: namna ya kuzitengeneza Bukavu, kuanzia shinani

Chukua uzi wa mgomba uliochunwa vizuri, ukaoshwa na kukauka, kisha uudondoshe kwenye bakuli la maji. Utaelea. Ukiurudia baada ya dakika tano utaukuta bado juu. Hapo ndipo vikundi vingi vinapokwama: vinashona pedi kwa nyuzi mbichi, pedi inavuja siku ya kwanza, na lawama zinaangukia mgomba.

Mgomba hauna kosa. Uzi mbichi umefunikwa na nta, pektini (ile gundi inayoshikanisha nyuzi) na lignini (inayoukaza uzi kama mti), na kwa pamoja vinazuia maji kupenya. Kinachonyonya ni selulosi iliyo ndani, pamoja na nafasi za hewa zinazobaki nyuzi zikishachambuliwa. Kazi yenyewe basi iko kwenye sufuria na kwenye mikono inayochambua. Kushona atafanya yeyote aliyewahi kushika sindano.

Majirani wameshaonyesha kwamba inawezekana: Rwanda kuna shirika la SHE linalotengeneza pedi kwa nyuzi za mgomba, na Uganda MakaPads zilibuniwa Chuo Kikuu cha Makerere kwa mafunjo na karatasi zilizotumika. Wao wana mashine. Hapa tunaeleza kazi ya mikono, kwa kipimo cha kilo 1 ya nyuzi kavu, kinachotosha kikundi cha watu watatu au wanne.

Hesabu kwanza

Shina moja la kilo 30 karibu lote ni maji. Nyuzi kavu zinazotoka ni gramu 200 hadi 300, kwa hiyo kilo 1 inahitaji mashina manne au matano. Zikipikwa, nyuzi hupoteza kama gramu 400, na unabaki na gramu 600 hivi za kile tunachokiita hapa pamba ya mgomba. Pedi moja inakula gramu 10. Ukitoa inayopotea njiani, unapata pedi 55. Mwanamke anayebadilisha mara nne kwa siku, kwa siku tano, anahitaji pedi 20, yaani karibu shina moja na nusu kila mwezi.

Katika mwezi mmoja, damu yenyewe kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40, na ikizidi 80 huhesabiwa kuwa nyingi kupita kiasi. Majimaji yanayotoka pamoja nayo hukaribia kuongeza kiasi hicho mara mbili. Pedi haihitaji kuwa nene kama godoro.

Kuchagua shina

Tumia mgomba ambao mkungu wake umeshakatwa. Huo haubebi tena, na mkulima ataukata hata hivyo. Migomba ya kasiksi (pombe ya ndizi) inafaa sawa na ya ndizi za kupika. Uchukue siku hiyohiyo au kesho yake. Shina lililolala shambani siku tatu tayari limeanza kuoza, na nyuzi zake zinakatika unapozichuna.

Kabla ya kukata, angalia ugonjwa. Mnyauko wa migomba umeharibu mashamba mengi ya Kivu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na panga ni mojawapo ya njia zake kuu za kusafiri. Dalili ni majani kunyauka na kuning'inia, ndizi kuiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa na kahawia, na ute wa njano kutoka shina likikatwa. Ukiona hayo, usiguse shamba hilo. Kwenye shamba lisilo na ugonjwa pia, pitisha panga kwenye moto mpaka liwe moto sana, au liloweke katika maji ya klorini, kabla ya kuhamia shina jingine. Mkulima wa Kabare au Walungu akigundua kwamba umemletea mnyauko, hutapata shina tena kijiji kizima.

Kuchuna

Kata shina vipande vya sentimita 60 hadi 80. Magamba mawili au matatu ya nje, yale ya kahawia, yaache. Nyuzi zake ni ngumu na doa halitoki. Moyo mweupe wa katikati nao uache, hauna nyuzi za maana. Magamba ya katikati ndiyo mali.

Pasua kila gamba vipande vya upana wa vidole vitatu. Kilaze juu ya ubao ulioinamishwa, upande wa ndani ukiangalia juu, ukikwangue kwa kitu butu: mgongo wa kisu, au kipande cha bati nene kilichosuguliwa kuondoa makali. Kisu chenye makali hukata nyuzi. Bonyeza kwa nguvu sawa na vuta kuelekea kwako. Utaona nyama laini ikitoka kama uji, na nyuzi nyeupe zinabaki zimenyooka.

Vaa nguo usizozijali. Utomvu wa mgomba ukikauka kwenye nguo, umeingia humo daima. Utomvu huohuo hugeuza nyuzi kuwa kahawia zikikaa, kwa hiyo zioshe ndani ya saa moja, maji mara tatu, kisha zianike.

Zikishakauka, kata urefu wa sentimita 2. Usikate ndefu zaidi. Nyuzi ndefu zitajisokota sufuriani kama kamba na hazitaiva katikati.

Kupika

Hatua hii ndiyo yenye hatari, na ndiyo inayoamua kila kitu. Unahitaji:

- nyuzi kavu, kilo 1
- maji, lita 12
- soda kostiki, ile ya wapishi wa sabuni, gramu 120
- sufuria ya lita 20 au zaidi, ya enameli isiyobanduka au ya chuma kisichoshika kutu
- glavu ndefu za mpira, miwani ya kuzuia kurukiwa, mti wa kukorogea

Sufuria ya alumini hapana kabisa. Soda kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto, na sufuria yenyewe itatoboka. Pipa la chuma cha kawaida halitatoboka, lakini kutu yake itaacha madoa na baadaye itaharibu hatua ya kung'arisha.

Pima soda kwa mizani. Kijiko hudanganya. Weka maji baridi kwanza, kisha mimina soda kidogo kidogo huku ukikoroga. Usigeuze utaratibu huo. Maji yakimwagwa juu ya soda hulipuka kwa joto na kuruka usoni. Ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa; siki ni ya kufutia meza, si ya kutibu ngozi. Jichoni, osha bila kuacha na uende kituo cha afya hapohapo. Watoto wasiwe karibu na jiko hili.

Tia nyuzi na uchemshe. Jambo ambalo maelekezo ya pwani hayakuambii ni hili: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kama kwenye nyuzijoto 95, si 100. Nyuzijoto tano zinaonekana chache, lakini huongeza muda. Hesabu saa tatu hadi nne za kuchemka polepole, ukikoroga kila robo saa na kuongeza maji ya moto yanayopungua.

Makala (makaa ya kupikia) ndiyo gharama kubwa kuliko soda. Njia ya kuipunguza: chemsha saa moja, funika na ufunge kifuniko kwa kamba, vika sufuria blanketi mbili ndani ya sanduku lenye majani makavu, iache usiku kucha. Asubuhi chemsha saa moja nyingine. Andika juu ya sanduku kwamba ndani kuna soda.

Utajuaje imeiva? Toa uzi mmoja kwa mti, usuuze, uubane kati ya kidole gumba na cha shahada na uuvute kwa ubavu. Ukiachana kuwa nyuzi nyembamba kama utando bila kubishana, imeiva. Ukirudi kama mpira au ukikwaruza, ongeza nusu saa.

Wasiopata soda, au wasioitaka, wanaweza kutumia maji ya majivu. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasi nyingi na ni bora kuliko ya kuni. Chuja maji kupitia majivu mpaka yatoke ya rangi ya chai na yateleze vidoleni ukiwa na glavu. Upishi utachukua saa sita au zaidi, pamba itakuwa ya kahawia kidogo na itanyonya kwa kiasi cha chini. Faida yake ni maji machafu, tutayafikia.

Kusuuza

Hapa uvivu huonekana kwenye ngozi ya mtu mwingine. Soda iliyobaki huchoma na kuwasha, na sehemu hiyo ya mwili kwa asili ina asidi kidogo. Suuza ndani ya mfuko wa chandarua, maji mara sita au saba, ukikamua kila mara. Maji ya mwisho yapimwe kwa karatasi ya pH, ile inayoonyesha kwa rangi kama maji yana asidi au ukali wa soda. Unataka kati ya 6 na 7.5.

Usitumie maji ya Ziwa Kivu kwa suuza ya mwisho. Maji hayo yenyewe yana pH ya karibu 9, kwa hiyo utasuuza mpaka jioni na karatasi itaendelea kuonyesha rangi ileile ya buluu. Tumia ziwa kwa suuza za kwanza ukitaka, na umalizie na maji ya mvua au ya bomba. Katika beseni la mwisho weka vijiko viwili vya siki kwa lita 10, acha dakika kumi, suuza mara moja zaidi.

Kung'arisha, kama unataka

Weupe si lazima. Rangi ya krimu haidhuru mtu, na tungependa wanunuzi waizoee. Ila hatua hii huondoa pia lignini iliyobaki na hivyo huongeza unyonyaji, ndiyo sababu tunaiweka.

Tumia maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi) ya duka la dawa, volimu 10 (ndiyo asilimia 3). Maji ya klorini yasitumike: hudhoofisha nyuzi na huacha mabaki yasiyofaa kukaa kwenye ngozi. Kwa pamba iliyotokana na kilo 1, changanya lita 1.5 za maji ya oksijeni na lita 10 za maji ya moto, ongeza soda kostiki gramu 20, weka kwenye ndoo ya plastiki ngumu au enameli, tia pamba na uiache saa moja maji yakiwa kati ya nyuzijoto 60 na 70. Bila ile soda kidogo, maji ya oksijeni hayaamki. Povu likifumka ghafla dakika za mwanzo na rangi isibadilike, kuna chuma au kutu ndani ya chombo. Dawa yote imeisha bure.

Suuza tena kama mwanzo. Halafu chemsha pamba katika maji safi dakika 20, na kuanzia hapo kila anayeigusa awe amenawa kwa sabuni.

Kukausha na kuchambua

Ukikamua pamba iliyoiva na kuiacha ikauke bonge, kesho utakuta kadibodi. Si mfano wa maneno: karatasi hutengenezwa hivyohivyo. Nyuzi zilizolowa zikikauka zimegusana, hushikana zenyewe bila gundi. Kwa sababu hiyo pia usizitwange sana kwenye kinu. Mapigo machache ya kutenganisha yanatosha, na kadiri unavyotwanga ndivyo unavyoelekea kwenye karatasi.

Kamua sana, tandaza kwenye chandarua kilichoinuliwa, funika na kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Ikifika nusu ukavu, ipitie yote kwa vidole, ukiyafungua mabonge. Rudia baada ya saa mbili. Ikiwa karibu kukauka, ichambue kwa mbao mbili zenye meno ya waya, kama brosi za kuchania sufu: chukua kiganja kimoja, chana mara kumi na tano hadi ishirini, mpaka usione tena bonge dhidi ya mwanga. Mashine ndogo ya kusagia kahawa hufanya kazi hiyo kwa sekunde kumi, gramu 5 kwa wakati, umeme ukiwapo. Nyuzi zinazozidi sentimita 2 zitazonga mhimili wake. Vaa barakoa, vumbi lake ni jembamba.

Kuanzia Septemba hadi Mei jua la Bukavu ni la kuvizia kati ya mvua mbili. Tengeneza sanduku la mbao lenye plastiki angavu juu, matundu ya hewa chini na juu, na ukaushie humo. Juu ya jiko la makala pamba hukauka haraka, ila hunuka moshi na harufu hiyo haitoki.

Ukavu haupimwi kwa mkono. Pima uzito, subiri saa moja juani, pima tena. Uzito ukiwa uleule, imekauka. Ukipungua hata gramu chache, endelea. Pamba yenye unyevu ikifungiwa ndani ya mfuko huota ukungu ndani ya wiki, na mara nyingi harufu hutangulia madoa ya kijivu. Ikifika hapo ni mbolea, haioshwi wala haiokolewi.

Majaribio mawili kabla ya kushona

Dondosha kishungi cha gramu 1 kwenye bakuli la maji. Kizame chenyewe ndani ya sekunde 10. Kikielea, nta bado ipo: rudisha sufuriani na nusu ya soda kwa saa moja.

Kisha loweka gramu 10 kwa dakika moja, weka kwenye chujio nusu dakika bila kukamua, pima. Ikifika gramu 110 au zaidi, ni nzuri. Ikikomea 60 au 70, kwa kawaida imeiva vya kutosha ila haikuchambuliwa; ichane upya kabla ya kufikiria kuipika tena.

Kuunda pedi

Tatizo gumu kwa pedi inayooza ni upande wa chini unaozuia kuvuja, na gundi ya kushikia nguo ya ndani. Zile za dukani hutumia plastiki kwa vyote viwili. Tunachopendekeza ni kugawanya kazi: kishikilio cha kitambaa kinachofuliwa na kutumika muda mrefu, na kijazo cha mgomba kinachobadilishwa na kufukiwa.

Kishikilio: urefu sentimita 26, upana 8, na mabawa mawili yanayofungwa chini ya chupi kwa kifungo cha kubonyeza. Tabaka la chini ni kitambaa cha mwavuli uliovunjika, na Bukavu haikosi miavuli iliyovunjika. Juu yake tabaka mbili za kitambaa cha pamba ya kawaida. Kitambaa cha mwavuli ni plastiki, hatufichi, lakini kimoja hutumika badala ya mamia ya plastiki za kutupwa. Shona mikanda miwili ya lastiki ikivuka juu, sentimita 4 kutoka kila mwisho. Kijazo huingia chini yake. Mshono usipite katikati, kila tundu la sindano ni mlango wa kuvuja.

Kijazo: tandaza gramu 10 za pamba ya mgomba kwenye fremu ya sentimita 20 kwa 6.5, ukiweka nyingi kidogo katikati. Funika na ubao, weka juu bidoni ya maji ya lita 10, subiri dakika kumi. Unene ubaki kama milimita 8. Usinyunyize maji ili ishikane. Ndiyo kadibodi tena. Chini yake weka karatasi ya kaki isiyochapishwa, sentimita 21 kwa 7, iliyopakwa gramu 1 hadi 1.5 za nta ya nyuki. Nta iyeyushe kwenye bakuli lililo ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na uisambaze kwa pasi yenye joto la chini kupitia kitambaa. Funga vyote kwa shashi ya pamba ya sentimita 24 kwa 18, mkunjo uwe upande wa karatasi, shona kwa uzi wa pamba kushoto kwenda kulia. Uzi wa poliesta hauozi.

Jaribu kimoja katika kila kundi la vijazo vilivyotengenezwa pamoja: changanya maji sehemu 60 na gliserini sehemu 40, kwa sababu damu ni nzito kuliko maji na hupenya polepole. Mimina mililita 30 katikati kwa muda wa dakika mbili, weka uzito wa kilo 1 juu kwa dakika moja, geuza. Karatasi ikiwa kavu, kundi limefaulu. Ikivuja pembeni huku katikati pakiwa pakavu, pamba imebanwa mno.

Vijazo hivi ni vya nje tu. Usijaribu kutengeneza cha kuingizwa ndani kwa nyuzi hizi; kifaa cha ndani kina hatari zake, ikiwamo sumu ya bakteria inayoweza kuua, na hakitengenezwi nyumbani. Kijazo kibadilishwe kila saa 4 hadi 6, hata kikionekana kikavu. Muwasho ukianza, acha kutumia kundi hilo lote na upime pH ya pamba iliyobaki. Anayelazimika kubadilisha kila saa moja au mbili aende kituo cha afya; hilo si suala la pedi. Na anayetaka kuuza, ahesabu mapema vipimo vya OCC (ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa), kwa sababu watapima unyonyaji, usafi na pH, na daftari la makundi yako litakusaidia kuliko maneno.

Maji machafu na vijazo vilivyotumika

Maji meusi ya soda yasiende mferejini wala ziwani. Yapoze, punguza ukali wake kwa siki ya bei ya chini huku ukipima mpaka karatasi ionyeshe 8 au chini, na uyamwage kwenye shimo lililo mbali na kisima na bustani, maana sodiamu huchosha udongo. Maji ya majivu ni habari nyingine: yachanganye na maji mara kumi na uyarudishe kwenye shina la mgomba, yana potasi ambayo mgomba unaipenda.

Kijazo kilichotumika kifukiwe kwenye shimo la nusu mita lenye majani na udongo wenye unyevu, mbali na mboga. Shashi na pamba huoza kwanza, karatasi ya nta hufuata miezi baadaye. Ikunjue kabla ya kufukia, ikikunjwa hukawia. Ziwani hata hiki kisitupwe. Takataka za Bukavu zinazoelea hukusanyika pale mto Ruzizi unapotoka ziwani na kuziba bwawa la umeme, na chandarua cha huko hakichagui kilichotoka kwenye mgomba na kilichotoka kiwandani.